Dohani ya Jikoni: Tujue Sehemu Zake na Matunzo Yake



Somo la safari hii linaanzia jikoni. Katika kikundi kimoja cha akina mama huku kwetu Machakos, wanachama walichanga pesa kidogo kidogo wakajengeana majiko ya matofali yenye dohani, yaani lile bomba la moshi ambalo wengi wetu tunaliita chimni. Walifanya kwa zamu, nyumba kwa nyumba, kama tulivyozoea kwenye mwethya. Mwaka wa kwanza kila mtu alifurahi. Mwaka wa pili, katika nyumba moja, moshi ulianza kurudi ndani. Fundi akaitwa, akatazama juu, akasema, "Mama, hii chimni imekufa. Tuweke nyingine." Mama akauza mbuzi, bomba jipya likawekwa, na moshi ukarudi vile vile!

Kumbe bomba la kwanza halikuwa na shida yoyote. Majivu na masizi yalikuwa yamejaa kwenye tundu la chini, lile linalotoka jikoni kwenda kwa bomba. Kazi ya nusu saa na kijiko kirefu ingetosha. Lakini mama hakujua tundu hilo lipo, wala hakujua kuuliza. Mbuzi akaenda bure.

Ndiyo sababu tunasema: kujua majina ya sehemu za dohani ni kulinda mfuko wako, na pia kifua chako.

MOSHI SI KITU CHA KUZOEA

Isyo huchemka kwa saa nyingi, na anayeketi karibu na moto ni mama na mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Moshi huleta nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima magonjwa ya mapafu, ya moyo na kiharusi.

Tusichanganye mambo mawili. Jiko linalookoa kuni si lazima liwe linaondoa moshi. Jiko la Maendeleo, ambalo wengine huliita Upesi, lilianza kuenezwa nchini katika miaka ya 1980. Linapunguza kuni, lakini halina bomba. Kazi ya kuutoa moshi nje ni ya dohani.

DOHANI HUFANYA KAZI VIPI?

Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda. Ikipanda ndani ya bomba, huvuta hewa nyingine nyuma yake kupitia mdomo wa jiko. Huko kuvuta tunakuita mvuto. Bomba likiwa refu vya kutosha, lenye joto na lisilo na kizuizi, mvuto ni mzuri. Bomba likiwa fupi, baridi au limeziba, mvuto hufa na moshi hurudi kwako.

SEHEMU ZA DOHANI, KUTOKA CHINI KWENDA JUU

1. Mdomo wa jiko. Hapa ndipo kuni na hewa huingia. Ukiujaza kuni hadi juu, hewa haina njia, na moshi huongezeka.

2. Chumba cha moto. Ni pale kuni zinapowakia chini ya sufuria. Nyufa zikitokea, moshi hupenya hapo kabla ya kufika kwa bomba.

3. Njia ya moshi. Ni tundu linalounganisha chumba cha moto na bomba. Ndilo lililompotezea yule mama mbuzi wake. Huziba haraka kuliko sehemu nyingine kwa sababu majivu huanguka hapo.

4. Mlango wa masizi. Ni kitundu kidogo chini ya bomba, chenye kifuniko au tofali la kuondolewa. Masizi yaliyopanguswa huanguka hapo na kutolewa. Kama fundi anakujengea jiko bila mlango huu, mwambie auweke kabla hujamlipa.

5. Kibao cha kupunguza mvuto. Ni kipande cha chuma kinachosukumwa ndani na kuvutwa nje. Si kila jiko linacho. Usikifunge kabisa wakati makaa bado yanawaka.

6. Bomba lenyewe. Laweza kuwa la matofali, la udongo uliochomwa au la bati. Mabati yetu ya kawaida yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Kwa hivyo sehemu ya chini, inayoguswa na ndimi za moto, iwe ya matofali au udongo. Bati lianzie juu zaidi.

7. Bati la kuziba paani. Huzunguka bomba pale linapotokea juu ya paa ili mvua isivuje. Upande wake wa juu huingizwa chini ya bati la paa, na upande wa chini hulala juu yake, maji yapite bila kuingia. Kama paa ni la nyasi, bomba lisiguse nyasi hata kidogo. Lizungushiwe matofali na nafasi pana iachwe.

8. Kofia. Huzuia mvua na ndege. Isikae chini mno, maana itafunga njia ya moshi. Iinuliwe kwa miguu ya chuma.

Je, bomba liwe na urefu gani? Kanuni inayotumika sana ni hii: lipande angalau sentimita 90 juu ya pale linapotokea paani, na lizidi kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3. Likiishia chini ya kilele cha paa, upepo utausukuma moshi urudi ndani.

MANENO YA KUJUA UNAPOZUNGUMZA NA FUNDI

Masizi ni ule unga mweusi. Hutoka kwa urahisi kwa brashi.

Ulami wa moshi ni utando mweusi unaong'aa na kunata kama lami. Hutokana na kuni mbichi na moto unaofuka bila kuwaka. Huu ni hatari, kwa sababu wenyewe unaweza kushika moto.

Moto wa dohani ni pale ulami huo unapowaka ndani ya bomba. Utasikia mngurumo mkubwa na kuona cheche juu ya paa. Toa watu wote nje kwanza. Ukiweza bila hatari, funika moto jikoni kwa mchanga na ufunge mdomo wa jiko ili kukata hewa. Usimwage maji ndani ya bomba la moto, litapasuka. Usiliwashe jiko hilo tena mpaka likaguliwe.

MATUNZO KWA KALENDA YETU

Kila siku: toa majivu jiko likiwa baridi. Tumia kuni kavu zilizopasuliwa. Kuni zilizokatwa leo zihitaji miezi kadhaa chini ya kivuli kisichonyeshewa.

Kila wiki: ingiza kijiko kirefu kwenye njia ya moshi uichokore.

Kila mwezi: fungua mlango wa masizi. Ukiona unene wa nusu sentimita ndani ya bomba, usingoje, pangusa.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua: yaani Februari na Septemba. Mvua ikianza, sisi sote hupikia ndani na mlango umefungwa, na huo ndio wakati wa kuumia. Panda uangalie kofia, kiota cha ndege, nyuki, kutu, na bati la kuziba paani. Nyuki wakiwamo, mwite mfugaji wa nyuki, usiwachome.

Brashi si lazima inunuliwe. Funga kitita cha mkonge kilichobana kidogo upana wa bomba, kifunge kamba pande mbili na jiwe chini. Mmoja avute juu, mwingine avute chini. Jifunge kitambaa puani.

Kujaribu mvuto: shika kijiti kinachofuka karibu na mdomo wa jiko. Moshi ukivutwa ndani, dohani ni nzima. Ukirudi usoni, choma kwanza karatasi kidogo ili bomba lipate joto, kisha ujaribu tena. Ukizidi kurudi, anza kutafuta kizuizi kutoka chini: njia ya moshi, mlango wa masizi, bomba, halafu kofia. Bomba jipya ni neno la mwisho, si la kwanza.

KAMA PESA YA DOHANI HAIPO

Usikate tamaa. Kati ya 1998 na 2001, jirani zetu wa Kajiado, pamoja na jamii za magharibi mwa Kenya, walifanya kazi na shirika la ITDG kutafuta njia za kupunguza moshi. Walijaribu vifuniko vya bati juu ya moto vyenye bomba, madirisha makubwa zaidi, na nafasi kati ya ukuta na paa. Dirisha na nafasi ya ukutani hazihitaji fundi mkubwa.

Onyo moja: jiko la makaa halitoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usilale nalo chumbani, hata kama ni baridi namna gani.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni nyumba ngapi kati yetu zina dohani? Ni ngapi zina mlango wa masizi?

2. Nani atatunza brashi ya kikundi, na tutapangaje zamu ya kupangusa kabla ya Septemba?

3. Mzee au mama asiyeweza kupanda paani, nani atampandia?

Tembeleeni jiko la mwanachama mmoja, na kila mtu aguse sehemu na kuitaja kwa jina. Siku fundi atakapokuja kusema "imekufa," mumwulize kwa upole: "Sehemu gani, fundi? Tuonyeshe."