Nukta Isifutwe: Uhariri wa Picha za Miswada ya Kale

Mtafiti wa tenzi za kale aghalabu hukutana na mswada kwenye kioo cha tarakilishi kabla ya kuushika mkononi. Picha ikiwa na giza au madoa, yeye mwenyewe huitengeneza ndipo aisome. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utengenezaji huo tayari ni uhakiki wa matini.

Nilifunzwa haya na nukta moja. Katika picha ya utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, jino la herufi moja lilikuwa na kidoa cheusi juu na kingine kilichofifia chini. Nikafuta cha chini, nikasoma "nali". Baadaye niliona kidoa cha juu kikijirudia mahali pale pale katika ukurasa uliofuata: kumbe ni tundu la mdudu! Neno lilikuwa "bali". Mizani ni miwili kwa yote mawili, kina ni kile kile, arudhi isingeniokoa. Niliokolewa na picha asilia, ambayo kwa bahati sikuwa nimeifuta.

Basi hifadhi picha asilia, ufanyie kazi nakala. Nakala hiyo nayo isihifadhiwe tena na tena kwa muundo wa JPEG, kwani kila mara hupoteza chembe za habari. Photoshop ilipata matabaka mwaka 1994, na matabaka ya marekebisho mwaka 1996. Kwayo mwanga hubadilishwa bila kuigusa picha yenyewe. Asiyemudu gharama ana GIMP, ambayo hutolewa bure. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2025, vichujio vyake vingi vyaweza kuondolewa au kurekebishwa hata baada ya kutumika. Madoa nayo yasafishwe juu ya tabaka tupu, ili ukilificha uone kilichokuwapo.

Rangi zina mtego wake. Picha huundwa kwa mikondo mitatu: nyekundu, kijani na buluu. Ukitumia mkondo mwekundu peke yake, karatasi iliyozeeka hung'aa vizuri, lakini wino mwekundu hung'aa pamoja nayo, na alama za kutenga vipande zilizoandikwa kwa wino huo hutoweka. Mkondo wa buluu huudhihirisha wino huo, ila huitia giza karatasi ya manjano. Mimi huanza na kijani.

Tangu mwaka 2023 Photoshop ina uwezo wa kujaza pengo kwa akili unde. Chombo hiki hakisomi. Hubuni kinachofanana na jirani zake. Kwa picha ya harusi, hewala. Kwa ukurasa ulioliwa na mchwa, kitakuandikia jino na nukta ambazo mshairi hakuziandika, kwa wino unaofanana kabisa na wake. Pengo liachwe pengo, na katika unukuzi litiwe mabano ya mraba.