Masoko ya Kigali, Alfajiri Hadi Usiku

Kabla hatujafunga shule, mwalimu wetu wa Jiografia alitupa kazi ya likizo. Kila mmoja achague kitu kimoja kinachouzwa mjini, akifuate siku nzima, aandike kinauzwa wapi, saa ngapi, na kwa bei gani. Wenzangu walichagua makaa, maziwa, na viazi. Mimi nalichagua parachichi, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Kigali ni mji wa vilima na mabonde. Mjerumani Richard Kandt aliuanzisha mwaka 1907, nao ulikuwa kituo kidogo cha utawala. Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ukafanywa mji mkuu. U karibu na ikweta, kiasi cha digrii 2 kusini, kwa hiyo jua huchwa karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Neno hili msilisahau: huku kwetu giza huingia saa ile ile watu wengi watokapo kazini.

1. ALFAJIRI: NYABUGOGO

Nalitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri pamoja na mama mdogo, tukashuka bondeni Nyabugogo. Hapo ndipo penye kituo kikubwa cha mabasi. Magari ya Musanze, ya Huye na ya mpakani Uganda yote hupita hapo. Karibu na kituo kuna soko kubwa la vyakula, ambalo watu hulijua kwa jina la Mutangana. Viazi hutoka kaskazini, kwenye ardhi ya volkano, na ndizi, maharagwe na matunda hutoka pande nyingi za nchi. Wachukuzi hupita na magunia kichwani wakipiga kelele watu wawapishe njia.

Nalidhani kununua ni kuuliza bei tu. Sivyo. Mama mdogo alilibonyeza kila parachichi kwa kidole gumba, polepole, karibu na kikonyo. Yaliyo magumu aliyaweka upande mmoja, yaliyoanza kulainika upande mwingine. Nikamwuliza, "Mama mdogo, kwa nini usichukue magumu yote, yasioze?"

Akanijibu, "Mwanangu, gumu ni la kesho kutwa. Leo nitakula nini?"

Alinunua 60 kwa faranga 6,000, yaani faranga 100 kila moja. Mchukuzi na basi vilikula 500. Nikaandika yote daftarini.

2. MCHANA: SOKO DOGO NA SOKO KUBWA

Mama mdogo ana nafasi yake katika soko dogo la mtaani kwetu. Ili muelewe habari ya soko hilo, imenipasa nirudi nyuma kidogo.

Zamani alikuwa akiuza njiani na kikapu chake. Wanawake wa namna hiyo ni wengi Kigali. Kikapu chao kipana huitwa agataro, na wachuuzi wenyewe huitwa abazunguzayi, nasi twasikia humo neno letu la kuzunguka. Uuzaji wa njiani umekatazwa mjini. Mwaka 2017 mji wa Kigali uliweka faini ya faranga 10,000, naye anunuaye hutozwa sawasawa na auzaye, na bidhaa zaweza kuchukuliwa. Kwa upande mwingine, mji ulijenga masoko madogo ili wachuuzi wapate mahali halali pa kukaa, wakasamehewa kodi kwa muda wa mwanzo. Mama mdogo ni mmoja wa waliopewa meza.

Nalikaa naye hadi saa sita mchana. Meza ni safi, paa ni zuri, maji yapo. Wateja ndio wachache, maana soko li nyuma ya nyumba, na njia ya watu wengi haipiti hapo. Baadhi ya meza zilikuwa tupu, kwa kuwa wenyewe wamekwisha rudi njiani.

Nikamwaga, nikaenda Kimironko kuona soko kubwa. Ewe msomaji, kama hujafika, fika! Mle ndani mna safu za nyanya zilizopangwa kama matofali, tunda damu na matunda ya pesheni, dagaa na isambaza wa ziwa Kivu, na vitenge vilivyotundikwa hata hujui ukuta uko wapi. Mafundi wa cherehani hukushonea nguo hapo hapo. Hakuna mifuko ya plastiki, kwa sababu ilipigwa marufuku mwaka 2008. Vitu hutiwa katika mifuko ya karatasi au kikapu chako mwenyewe. Kuna na nguo za mitumba, ambazo Kinyarwanda huziita caguwa, na neno hilo ni "chagua" yetu ya Kiswahili. Nguo hizo zimeadimika na kupanda bei tangu mwaka 2016, serikali ilipoongeza ushuru wake kutoka senti 20 za dola hata dola 2 na nusu kwa kilo.

Parachichi zuri Kimironko lilikuwa faranga 200. Nikamwuliza mama mmoja mwenye meza anawaonaje wachuuzi wa njiani. Hakuficha. Alisema, "Mimi nalipia meza hii kila mwezi. Yeye anasimama mlangoni na kikapu, halipi kitu, ananichukulia mteja kabla hajaniona. Je, hiyo ni haki?" Sikuwa na jibu. Nikaliandika swali lake kama lilivyo.

3. JIONI: NJIANI

Nalirudi mtaani saa kumi na moja jioni. Tangu asubuhi mama mdogo alikuwa ameuza maparachichi 14 tu. Katika yaliyobaki, 20 yalikuwa bado magumu, lakini 26 yalikuwa yameiva kabisa. Parachichi lililoiva halingoji. Aliyatazama, akayapanga katika kikapu, akajitwika.

Nikamwambia, "Mama mdogo, usiende."

Akasema, "Kama waogopa, baki. Kama unaandika daftari lako, liandike lote."

Nikafuata. Alisimama karibu na kituo cha basi, mahali ambapo watu hushuka na kupanda kilima kwa miguu. Kwa muda wa nusu saa aliuza 11. Wanunuzi hawakuuliza mengi. Mtu ametoka kazini, amechoka, giza linaingia, nyumbani kuna wali na maharagwe. Anataka parachichi moja la kula usiku huu, wala hana haja ya kwenda soko la mbali. Alilipa 200, bei ile ile ya Kimironko, bila nauli ya kwenda na kurudi.

Mara mtu akapiga mbinja, na wanawake wote wakaondoka mbio kama ndege waliotupiwa jiwe. Mama mdogo alikimbia akateleza kwenye ngazi za mfereji. Hakuumia sana, ila goti. Maparachichi 15 yakabingirika barabarani. Mimi nalibaki nimesimama, nimeshika sarafu za mteja, na daftari kwapani. Kisha nikainama kuokota. Manne yalikuwa yamekanyagwa, na 11 yalikuwa yamechubuka.

Wasomaji wapenzi, sasa niwaambie sababu ya kuchagua parachichi. Mama mdogo ndiye aliyenilea. Kila mwaka katika fomu ya shule, penye kazi ya mlezi, nimeandika "mfanyabiashara", nikatumaini hapana atakayeniuliza biashara gani. Jioni ile niliona haya, lakini si haya ile ya zamani.

4. USIKU: BIRYOGO

Hatukurudi nyumbani. Mama mdogo alifunga goti kwa kitambaa, tukapanda Biryogo, upande wa Nyamirambo. Hapa ndipo Kiswahili kilipokaa Kigali kwa miaka mingi, kwa sababu wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani na Kongo walipewa makazi pande hizi wakati wa ukoloni. Ni vema tukumbuke kwamba mwaka 2017 bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Lakini wauza chai wa Biryogo walikuwa wamekwisha kipitisha zamani sana.

Mwaka 2021 njia za hapo zilifungwa, magari yasipite, zikapakwa rangi, na meza zikatolewa nje. Usiku watu hukaa barabarani wakinywa chai ya mnanaa, na moshi wa nyama choma hupanda kote. Ukitaka kula utapata mishikaki, viazi, chapati, na kachumbari. Mwenye kujua bustani ya Forodhani kule Unguja, ambako wapishi hupanga meza zao jua likichwa, atajiona yu nyumbani. Tofauti ni kwamba kule kuna bahari, huku kuna kilima. Tena usiku nao una mpaka wake: mwaka 2023 serikali iliagiza mahali pa vyakula na vinywaji pafungwe saa saba usiku siku za kazi, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi.

Mama mdogo alimwendea mpishi mmoja anayefahamiana naye. Mpishi akayageuza yale maparachichi 11, akacheka, akasema, "Dada, haya yamepigana na nani?" Lakini aliyataka. Kwake mchubuko si kitu, maana atayakata usiku ule ule. Alichotaka ni ulaini. Akayanunua kwa faranga 100 kila moja. Kitambo kidogo nikaona nusu ya parachichi katika sahani ya mteja ikiuzwa kwa faranga 200, yaani 400 kwa tunda zima.

5. HESABU

Sasa tufanye hesabu pamoja. Gharama zilikuwa hizi: matunda 6,000, uchukuzi 500, na mchango wa siku sokoni 300, jumla 6,800. Mapato: mchana 14 kwa 200 ni 2,800, jioni 11 kwa 200 ni 2,200, usiku 11 kwa 100 ni 1,100, jumla 6,100. Siku ile ilipungua faranga 700, ingawa tumaini la kesho lilikuwamo katika yale magumu 20.

Tazameni tena. Sokoni aliuza 14 kwa siku nzima, njiani 11 kwa nusu saa. Lakini kama angekamatwa, faini ya 10,000 ingezidi mtaji wake wa siku. Kwa faida ya faranga 100 kila tunda, ingempasa auze maparachichi 100 bila hata moja kuoza, ili alipe kosa la jioni moja.

Parachichi lile lile lilikuwa 100 alfajiri, 200 mchana, 200 njiani, na 400 katika sahani. Tunda halikubadilika sana; kilichobadilika ni mahali na saa. Basi somo nililolipata ni hili: anayeuza njiani hauzi tunda peke yake, auza ukaribu. Amembebea mnunuzi safari ya soko. Na mji unapojenga soko mahali pasipopita miguu ya watu, umempa muuzaji meza, lakini umemnyang'anya kile alichokuwa akiuza.

Sisemi kwamba sheria ni mbaya. Yule mama wa Kimironko ana haki yake, na njia ya waendao kwa miguu haifai kuzibwa. Nasema kwamba yawezekana kuupata utaratibu bila kuupoteza ukaribu. Singapore, mji mkubwa wa Asia, ulikuwa na wachuuzi kila njia. Serikali yake iliwaandikisha miaka ya 1968 na 1969, kisha tangu 1971 hadi 1986 ikawahamishia katika majumba ya vyakula yenye maji na mifereji, na mengi yalijengwa kati ya makazi ya watu. Mwaka 2020 UNESCO iliitia desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Soko lilipomfuata mlaji, mchuuzi naye alilifuata soko.

Ninyi wanafunzi wa zamani, baadhi yenu mmo katika ofisi ambamo ramani huchorwa. Nawaomba, kabla ya kuchora soko, mmoja wenu asimame mahali hapo saa kumi na mbili jioni na kuhesabu watu wapitao.

Mama mdogo bado ana meza yake. Siku hizi huyapeleka yaliyoiva kwa wapishi wa Biryogo kabla ya magharibi. Bei yao ni ndogo kuliko ya njiani, na siku nyingine hawanunui yote. Siku hizo sijui hufanyaje, wala sikumwuliza, maana najua atanijibu. Ila fomu ya muhula huu nimekwisha ijaza: "muuza maparachichi."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini wachuuzi wengi huonekana saa za jioni kuliko asubuhi?

2. Kama soko dogo lingekuwa karibu na kituo cha basi, hesabu ya siku ile ingekuwaje? Onyesha kwa tarakimu.

3. Mjibu yule mama wa Kimironko.