SOMO LA WANACHAMA: MAJI YA PAANI NA KUNI CHACHE



Msimu wa kuchuma unapoingia, nyumba ya mkulima huongezeka watu. Wachumaji hula, hunywa na huoga, na chungu hakishuki jikoni. Kuni zikiadimika, shoka huelekezwa kwenye mti ulio karibu, na shambani kwetu mti huo ni mkarafuu. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8 hivi tangu kupandwa, lakini huangushwa kwa saa moja, na moto wake haudumu mwezi. Kwa hiyo yatupasa tujifunze kupika kwa kuni chache, na kupunguza safari za kisimani, kwa vitu tulivyo navyo.

1. Kukinga maji ya mvua

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya bati ambayo paa lake limefunika ardhi ya mita 8 kwa mita 6, yaani mita za mraba 48. Mvua moja ya milimita 20 itateremsha lita 960. Tuseme sehemu moja katika tano imemwagika; zitabaki lita 768, nazo ni ndoo 38 za lita 20 na zaidi. Hizo ni safari ngapi za kisimani?

Mlizamu waweza kuwa wa bati lililokunjwa, au wa mwanzi uliopasuliwa katikati na kutolewa vifundo. Ufungwe chini ya ukingo wa paa, uinamie kidogo upande wa pipa. Maji ya mwanzo yaachwe yamwagike, kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa pipa ufungwe kitambaa safi, taka zisiingie wala mbu asitage. Maji yatekwe kwa kata safi, au pipa litiwe bomba chini.

Maji ya kunywa yasafishwe, na jua laweza kutusaidia. Jaza maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juu ya bati juani tangu saa 3 asubuhi hata saa 9 alasiri. Kukiwa na mawingu, iache siku 2. Siku za mvua mfululizo, chemsha maji.

2. Jiko la udongo

Katika mafiga matatu upepo hupeperusha moto, na joto jingi hupotea pembeni. Kanda udongo wa mfinyanzi pamoja na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Zungushia chungu unachokitumia zaidi, ukiacha nafasi ya upana wa kidole kidogo baina ya chungu na ukuta. Acha mlango mmoja wa kuni, na ndani weka mawe matatu madogo ya kukalia chungu. Liache likauke kivulini wiki 2 au 3 kabla ya kuliwasha. Kuni ziwe kavu na zipasuliwe nyembamba, na chungu kifunikwe. Jiko likae penye hewa, moshi upate pa kutokea.

3. Kapu la kupikia

Twaa kapu kubwa, ujaze makumbi makavu, majani makavu ya mgomba au sufi, na katikati uache nafasi ya sufuria. Maharage yalowekwe usiku kucha, yamwagwe maji yake, yachemshwe kwa nguvu dakika 20. Kisha sufuria, ikiwa imefunikwa, itiwe kapuni na kufunikwa kwa mto wa sufi. Baada ya saa 3 au 4 yatakuwa yamelainika bila ya ukuni mwingine. Yachemshwe tena kabla ya kuliwa. Wali nao, ukishachemka dakika 5, hujipikia humo humo.

Kazi ya kufanya

Kila mwanachama ahesabu mizigo ya kuni inayotumika kwake wiki moja kwa mafiga. Kisha ajenge jiko, ahesabu tena wiki moja kwa idadi ile ile ya watu. Apime paa lake pia, apige hesabu ya maji yake. Kazi hizi zifanywe kabla ya masika, ili mvua za mwaka zikute mlizamu umekwisha kufungwa, na msimu ukute mikarafuu yote imesimama.