Studio ya nyumbani kwa laptopu ya zamani: rekodi matangazo yako bila kununua programu

Mdau unayeuza mtandaoni, video ya bidhaa yenye sauti mbovu mteja anaipita tu. Lakini ukienda studio kila mzigo mpya unapoingia, faida inaishia huko.

Wengi wanaamua kurekodi wenyewe, halafu wanapakua programu ya studio ya wizi, ile ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Hapo ndipo hatari ilipo. Programu za hivyo mara nyingi huja na virusi vya kuiba nywila, na kompyuta hiyohiyo ndiyo unayofungulia ukurasa wa duka lako. Ukurasa ukitekwa, wateja wanatapeliwa kwa jina lako.

Njia halali ipo: Linux. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, ila ni wa bure. Twende hatua kwa hatua.

1. WEKA MFUMO
Anza na Linux Mint, toleo la Xfce. Ni jepesi, laptopu yenye RAM ya GB 4 inalimudu. Pakua kwenye tovuti yake rasmi (andaa bando, faili ni karibu GB 3), kisha liweke kwenye flashi ya GB 8. Washa laptopu kupitia flashi hiyo, ujaribu Wi-Fi na sauti bila kufuta kitu. Umeridhika? Hamisha kwanza picha za bidhaa na hesabu zako sehemu salama, ndipo usakinishe, maana usakinishaji unaweza kufuta diski nzima.

2. WEKA PROGRAMU
Fungua terminali, andika:
sudo apt install audacity lmms
Audacity ni ya kurekodi na kukata sauti. LMMS ni ya kutengeneza biti, ila haitegemewi kurekodi maiki. Kwa hiyo tengeneza biti kwenye LMMS, itoe kama faili ya WAV, iingize kwenye Audacity, halafu rekodi maneno yako juu yake. Kazi zikikua, hamia Ardour.

3. NUNUA MAIKI KWA AKILI
Anza na maiki ya USB. Nyingi ukichomeka tu Linux inazitambua. Kabla hujalipa muulize muuzaji: "Inahitaji kusakinishiwa programu yake ndipo ifanye kazi?" Akisema ndiyo, tafuta nyingine. Maiki ya kondensa ya waya wa XLR ni nzuri, lakini inataka kadi ya sauti ya nje yenye umeme wa volti 48. Hizo ni gharama mbili, zisubiri biashara ilipe.

4. CHUMBA NI NUSU YA STUDIO
Maiki ya bei kali kwenye chumba kitupu itatoa mwangwi tu. Unauza nguo? Una bahati, nguo zinafyonza mwangwi. Kaa katikati ya mzigo wako, au tundika blanketi nzito nyuma na pembeni yako. Zima feni. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi isiipige. Ukisikia mngurumo, chomoa chaja na utumie betri.

5. PIMA KABLA YA KUREKODI
Sema sentensi moja kwa nguu utakayotumia, huku ukiangalia kipimo cha Audacity. Kilele kikae kati ya -12 na -6. Kikigonga 0 sauti inapasuka, na kuisafisha baadaye ni kazi bure. Vaa hedifoni ili biti isirudi kwenye maiki. Tunza nakala ya WAV, kwa wateja tuma MP3.

FAIDA IKO WAPI?
Kwanza, biti uliyoitunga mwenyewe haikuletei kesi ya hakimiliki, tofauti na kuweka wimbo wa msanii bila ruhusa, ambapo video inaweza kunyamazishwa au kuondolewa. Pili, ukishazoea, wenye maduka jirani nao wanahitaji matangazo. Hiyo ni huduma unayoweza kuuza.

Mpangilio wa hela ni huu: maiki, hedifoni, blanketi, basi. Usikope mtaji kununua vifaa vya studio. Rekodi tangazo la sekunde 20 kwanza, ulirushe, uone wateja wanasemaje.

Unauza nini? Andika kwenye komenti, tukusaidie kupanga maneno ya tangazo lako la kwanza.