Dondoo muhimu: Mzio unaoanzia kitandani

Anayeamka kila asubuhi akipiga chafya mfululizo, macho na pua vikimwasha, huenda hana mafua bali mzio. Mzio hutokea kinga ya mwili inapokishambulia kitu kisicho na madhara. Katika nyumba za Pwani, Tanga hadi Lamu, ambako hewa ina unyevu mwingi, mshukiwa mkuu ni utitiri wa vumbi, kijidudu cha takriban milimita 0.3 kinachokula magamba ya ngozi ya binadamu.

Godoro na mito ndiyo maskani yake. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60. Kuanika godoro juani husaidia, ila kinyesi cha utitiri, ambacho hasa ndicho huamsha mzio, hakiondoki kwa jua peke yake. Sakafu ipigwe deki. Ufagio mkavu hurusha vumbi hewani. Na zulia la chumbani? Heri mkeka.

Mende nao huamsha mzio: chakula kifunikwe, bomba linalovuja lizibwe.

Udi una wapenzi wake, lakini moshi wake, kama ule wa dawa ya mbu ya kuchoma, hukera njia za hewa za mwenye pumu.

Anayevimba midomo au kushindwa kupumua apelekwe hospitali mara moja.