SOMO: CHAKULA CHA MCHANA MJINI, KINALIPWA NA NANI?



Katika somo hili tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo vikundi vingi huona haya kulitaja mkutanoni, nalo ni chakula cha hotelini. Hatusemi hoteli za watalii. Tunasema hoteli zetu hizi za karibu na stendi ya magari, zile ambazo mwenyekiti, katibu na mwekahazina huingia wakitoka benki, jua likiwa utosini.

Tuanze na kisa cha kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea. Jina lake tunalihifadhi. Kikundi kilikuwa na wanachama 22, na kila mmoja alikuwa akitoa shilingi 50 kwa wiki. Hesabu yake ni rahisi: Sh. 1,100 kila wiki. Mara moja kwa mwezi viongozi watatu walienda mjini kuweka pesa benki. Wakimaliza, waliingia hoteli iliyo mkabala na benki, kila mmoja akala wali kwa nyama, Sh. 250, soda Sh. 60 na chai Sh. 40. Hiyo ni Sh. 350 kwa mtu mmoja, na watu watatu ni Sh. 1,050.

Sasa linganisheni. Wiki nzima akina mama 22 wamechanga Sh. 1,100. Chakula cha siku moja ni Sh. 1,050. Imebaki hamsini, yaani mchango wa mama mmoja tu. Wale wengine 21 walichanga ili watu watatu wale wali. Kwa mwaka mzima ilikuwa Sh. 12,600, ambayo ni michango ya zaidi ya wiki 11.

Hakuna aliyeiba. Kila senti iliandikwa kitabuni, "chakula cha mchana", na risiti zilikuwapo. Lakini siku vitabu viliposomwa, nyanya mmoja alisimama akauliza, "Kwani matumbo ya viongozi yanashiba kwa bei tofauti na yetu?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza, na mwishowe wakakasirika. Siku hiyo hiyo wakapitisha azimio kwamba kuanzia sasa hakuna chakula. Kiongozi atakula kwa pesa zake.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Mwekahazina alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na ndiye aliyekuwa akiandika vitabu vizuri kuliko wote. Hakuwa na pesa za kula mjini. Miezi miwili alishinda njaa kutoka asubuhi mpaka jioni kwenye foleni na kwenye matatu. Mwezi wa tatu akarudisha vitabu na ufunguo wa sanduku. Kazi ikachukuliwa na mama mwingine mwenye duka, ambaye hakuhitaji posho ya mtu. Huyo naye, kwa sababu alikuwa akijigharamia, hakupenda kuulizwa maswali. Ukimwuliza kitabu kiko wapi anakujibu, "Je, mmewahi kunilipia hata chai?" Tulipofika pale, vitabu havikuwa vimesomwa kwa miezi saba.

Kwa hiyo tusikimbilie kusema viongozi wasile. Kikundi kikikataa kabisa kumlisha mtu anayetumwa, kitatumwa na wenye pesa peke yao. Kazi yetu ni kutafuta njia ya kula kwa pesa kidogo, tena kwa uwazi.

Jambo la kwanza, kabla hata ya kuzungumzia chapati: ni lazima watu watatu waende? Kutoa pesa benki kunahitaji sahihi za wale walioandikishwa. Kuweka pesa hakuhitaji. Mtu yeyote anaweza kuweka, akapewa karatasi yenye muhuri. Kwa usalama waende wawili, hasa wakibeba pesa nyingi. Yule wa tatu alikuwa anakwenda kwa sababu ya ile sahani ya wali, na tuseme ukweli, hata sisi tungekwenda. Tena tangu mwaka 2010 benki zimeruhusiwa kutumia mawakala, na huenda yupo mmoja katika soko lenu. Ukiweka pesa kwa wakala aliye karibu, unarudi nyumbani kabla njaa haijauma.

Pili, ondokeni nyumbani mkiwa mmekula. Uji mzito wa asubuhi, au viazi vitamu na chai, unaweza kukufikisha saa saba bila taabu. Mtu mwenye njaa kali hasomi bei. Anaona sahani ya jirani anasema, "Niletee kama ile." Bebeni pia maji ya kunywa yaliyochemshwa. Ile soda ya Sh. 60 mara nyingi inanunuliwa kwa sababu ya kiu tu.

Wengine huuliza, kwa nini wasibebe chakula kizima? Wanaweza. Githeri katika bakuli lenye kifuniko na kijiko, basi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hivyo tumieni bakuli na kikapu. Lakini tunawajua watu wetu: mtu mzima anaona haya kufungua bakuli stendi. Pia hoteli nyingi hazikubali ulete chakula chako ukae kwenye meza yao, na wana haki, kwa maana ile meza ndiyo duka lao. Ukitaka kufanya hivyo, agiza chai kwanza, kisha uombe ruhusa kwa heshima.

Sasa tuingie hotelini.

Ulizeni bei kabla ya kukaa. Hili ni dogo lakini ndilo linalowashinda wengi. Mwaka mmoja sisi wenyewe tulikuwa na semina, tukaingia hoteli watu sita, tukasema tu, "Tuletee nyama na ugali." Nyama ililetwa kwenye sinia kubwa, tukafurahi. Hesabu ilipokuja, kumbe ugali ulihesabiwa kando, sukuma wiki kando, kachumbari kando, na ile sinia ilikuwa ya kilo mbili. Tulichanga mpaka nauli. Mmoja wetu alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na mpaka leo hajatusamehe vizuri. Mwenye hoteli hakutudanganya. Hatukuuliza. Siku hizi tunasema hivi: "Sahani ni pesa ngapi? Ugali uko ndani ama ni kando? Mboga je?" Si aibu. Mwenye hoteli mwaminifu hukujibu mara moja, na anayekasirika kwa kuulizwa bei, mwacheni.

Angalieni pia mahali. Hoteli iliyo mkabala na benki au kwenye barabara kubwa hulipa kodi kubwa ya nyumba, na mlaji ndiye anayeilipa. Tembeeni hatua mia moja nyuma ya stendi, muulize mahali makanga, wapakiaji na mafundi wanakula. Hao hula mjini kila siku, wanajua ni wapi sahani inajaa. Lakini msiangalie bei peke yake. Angalieni kama kuna maji na sabuni ya kunawa, kama sahani zinaoshwa kwa maji safi, na kama chakula kinapakuliwa kikitoa moshi. Sheria za afya zinataka wanaoshika chakula wawe na cheti cha kupimwa, na unaweza kukiona kimebandikwa ukutani. Mkiokoa shilingi mia mkaugua homa ya matumbo, hospitali itachukua elfu.

Kuhusu chakula chenyewe, chapati mbili na ndengu, au ugali na maharagwe, hushibisha mpaka jioni kwa bei ya chini sana kuliko nyama. Wengine wanadharau, ati maharagwe ni chakula cha shule. Jueni kwamba maharagwe makavu, gramu kwa gramu, yana protini kiasi sawa na nyama mbichi au hata zaidi. Ni kweli yakipikwa hunywa maji, kwa hiyo kijiko cha maharagwe si sawa na kipande kizima cha nyama. Lakini yakiliwa pamoja na mahindi au chapati hulijenga mwili vizuri. Mkitaka ladha ya nyama, ombeni supu. Hoteli nyingi humwongezea mlaji mchuzi bila malipo akiomba vizuri. Na kama sahani ni kubwa mno, ulizeni kama wanapakua nusu.

Nyama choma tuiseme kando, kwa sababu ndiyo inayomaliza pesa za vikundi siku za furaha, kwa mfano siku mkopo umeingia. Nyama hupimwa ikiwa mbichi, na mifupa ndani. Ikichomwa hupoteza maji na mafuta, robo ya uzito wake au hata zaidi. Kwa hiyo kilo mliyolipia haifiki mezani ikiwa kilo. Simameni karibu na mizani, muone ikipimwa, mchague sehemu wenyewe, na muulize kama kuchoma kunalipiwa. Na kama pesa ni za mkopo, kumbukeni hiyo nyama mtailipa pamoja na riba.

Kulipa nako kuna hasara ndogo ndogo. Mkilipa kwa M-Pesa kwenye nambari ya till, mlipaji hakatwi chochote. Mkituma kwa simu ya mtu, kiasi kinachozidi Sh. 100 hukatwa ada. Kwa hivyo ulizeni till. Na ule ujumbe wa simu msiufute, kwa sababu ni risiti nzuri pale ambapo kibanda hakina kitabu cha risiti.

Kuna na lile jambo la kumlisha afisa. Vikundi vingine huamini kwamba faili haitembei bila afisa kupelekwa hotelini. Chai ya ukarimu, mgeni akija kijijini kwenu, ni desturi yetu na hatuipingi. Lakini kumpeleka mtu hotelini ili afanye kazi anayolipwa mshahara si ukarimu. Mkianza mara moja, itakuwa ada kila mwaka, na kitabuni mtaandika nini? Nendeni watu wawili, mbebe barua na nakala zote, mwombe tarehe ya kurudi, na muiandike mbele yake.

Turudi kwa kile kikundi cha akina mama. Baada ya mazungumzo marefu walikubaliana juu ya posho maalum. Walituma watu wawili waende kuuliza bei katika hoteli nne za mjini. Chapati mbili zilikuwa Sh. 40, ndengu Sh. 60, chai Sh. 30, jumla Sh. 130. Wakaweka posho ya Sh. 150 kwa mtu, na wanaotumwa ni wawili, labda kwa siku ya kutoa pesa tu ndipo waende watatu. Kwa safari ya watu wawili ni Sh. 300 badala ya Sh. 1,050. Ukizidisha tofauti hiyo ya Sh. 750 kwa miezi 12, ni Sh. 9,000 zinazobaki kwenye sanduku. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, kwa hivyo pigeni hesabu yenu.

Tunaipenda njia hii kuliko ile ya risiti. Anayetaka wali kwa nyama anaongeza kwa pesa zake. Anayekula mandazi mawili akapelekea watoto sukari kwa pesa inayobaki, hiyo ni yake, wala msimfuate. Anaandika tarehe, safari, kiasi na sahihi katika daftari kabla ya kuondoka, na daftari linasomwa kila mkutano, si mara moja kwa mwaka. Posho ipitiwe upya kila miezi sita, maana unga na mafuta havikai bei moja.

Yule mjane aliombwa arudi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nyanya yule aliyeuliza swali la matumbo alikwenda nyumbani kwake mwenyewe, na alirudi na vitabu vikiwa vimechukuliwa kutoka dukani siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

Kikundi chetu kilitumia pesa ngapi kwa chakula cha safari mwaka uliopita? Mwekahazina asome kutoka kitabuni, si kutoka kichwani.

Chakula hicho ni sawa na michango ya wiki ngapi?

Kuna mwanachama ambaye angefaa kuwa kiongozi lakini anakataa kwa sababu hana pesa za safari na chakula? Msimtaje jina mbele ya watu. Zungumzeni jinsi kikundi kinavyoweza kumwezesha.

Ni nani wawili watakaokwenda wiki ijayo kuuliza bei katika hoteli nne?