Wapelelezi wa mtandaoni na mtu aliyepotea

Swali: Je, kujadili mtandaoni kisa cha mtu aliyepotea kunasaidia? (Msomaji, Munisagara, Kilosa)

Jibu: Kunasaidia kumbukumbu isife. Mwandishi wa gazeti la Mwananchi, Azory Gwanda, alitoweka Kibiti Novemba 2017. Wanahabari na wananchi hawakuacha kuuliza aliko. Julai 2019, Waziri Palamagamba Kabudi aliiambia BBC kwamba Gwanda alitoweka na kufariki, kisha akadai hakueleweka.

Lakini kukosa majibu ya wazi namna hiyo huzaa uvumi, na uvumi huumiza. Mwaka 2013, baada ya milipuko ya mabomu mjini Boston, Marekani, watu mtandaoni walimshuku mwanafunzi aliyepotea kuwa ndiye mlipuaji. Hakuwa na hatia. Alikutwa amefariki, huku familia yake ikiwa imeshatukanwa.

Mwenye taarifa aipeleke polisi: tarehe, saa na mahali alipomwona mhusika. Asitaje mshukiwa hadharani.